Utafiti mpya wa usonji: kipi kimejulikana kweli, na sisi wazazi wa Uganda tukifanyie nini

Ndugu zangu, hamjambo.

Tangu Septemba 2025 kuna voisi inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp huku kwetu Busia. Inasema Wazungu wamegundua kwamba usonji (autism) unaletwa na Panadol, mama akimeza akiwa na mimba mtoto anaharibika akili. Imefika kwa mawifi, imefika kwa wakwe, imefika hadi kwenye foleni ya kliniki ya wajawazito. Mimi nina kijana wa miaka 8 mwenye usonji. Namjua mama mwenzangu aliyerudishwa kwao na mtoto mgongoni kwa sababu ya maneno kama hayo. Kwa hiyo nimekaa nikasoma, nisipoelewa nikamsumbua daktari wa watoto ninayemwamini, na leo naweka hapa nilichopata. Uzi ni mrefu. Someni taratibu, mwenye swali aulize nitajibu.

Kilichotokea ni hiki. Tarehe 22 Septemba 2025 Rais Donald Trump, akiwa na waziri wake wa afya Robert F. Kennedy Jr., aliwaambia wajawazito wa Marekani wajiepushe na Tylenol. Tylenol ni jina la kule la dawa ileile tunayoiita Panadol, yaani paracetamol. Siku mbili baadaye Shirika la Afya Duniani, WHO, likatamka kwamba hakuna ushahidi thabiti kuwa dawa hiyo ikitumiwa na mjamzito inaleta usonji. Voisi ilibeba habari ya kwanza. Ya pili haikuibeba.

Utafiti mkubwa kuliko yote niliyosoma kuhusu jambo hili ni wa Sweden, ulitoka Aprili 2024 kwenye jarida la kitabibu la JAMA. Walifuatilia watoto karibu milioni 2.5 waliozaliwa kati ya 1995 na 2019. Walipowaangalia wote kwa jumla, waliona kwamba kwa watoto ambao mama zao walitumia paracetamol, usonji umezidi kidogo. Wengi husoma mpaka hapo tu. Watafiti wakaendelea: wakawachukua ndugu wa tumbo moja, mimba moja mama alimeza dawa, nyingine hakumeza, wakawalinganisha hao kwa hao. Ile tofauti ikapotea. Yaani kilichokuwa kinaonekana kama kazi ya dawa kilikuwa na sababu nyingine ndani ya familia yenyewe: huenda homa au kipandauso kilichomfanya mama ameze, au jeni (vinasaba) za ukoo.

Sifichi upande wa pili. Agosti 2025 ulitoka uchambuzi wa tafiti nyingi uliosema uhusiano fulani upo. Lakini hata waandishi wake hawakusema mjamzito aache kabisa. Walisema atumie kiasi kidogo, kwa muda mfupi, kwa ushauri wa daktari. Manesi wa kliniki walikuwa wanatuambia hivyo hivyo miaka yote.

Sasa fikirini kwetu, ambako malaria ni ya mwaka mzima. Mjamzito wa Tororo au Lira amepandwa na homa saa nane usiku, halafu mtu anamwambia avumilie asije akazaa mtoto mwenye usonji. Homa kali yenyewe inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Malaria isiyotibiwa inatoa mimba, inaleta watoto njiti na watoto wenye uzito mdogo, na mama mwenyewe inamuua. Huko ni kumtupa mtu kwenye hatari inayojulikana ili kumkinga na hatari ambayo haijathibitishwa. Ninalisema kwa uchungu kwa sababu nimewasikia wanawake wakisema waziwazi kwamba sasa homa wanaivumilia. Dada yangu unayesoma hapa na una mimba: homa ikipanda nenda kituo cha afya upimwe malaria, meza dawa uliyoandikiwa, shusha homa. Na ile kinga ya malaria unayopewa kliniki usiiache.

Basi usonji unatoka wapi? Sehemu kubwa ni jeni. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa watoto zaidi ya milioni 2 kutoka Denmark, Finland, Sweden, Israel na Australia Magharibi. Walikadiria kwamba karibu asilimia 80 ya tofauti kati ya mwenye usonji na asiye nao inatokana na jeni. Hakuna jeni moja ya usonji. Zimeshapatikana zaidi ya mia. Baadhi mtoto huzirithi kidogo huku, kidogo kule, kwa mama na kwa baba ambao wao wenyewe hawana shida yoyote. Nyingine ni mabadiliko mapya kabisa. Baba hana, mama hana, yametokea mbegu au yai lilipokuwa linatengenezwa.

Na hapa kuna jambo ambalo sijawahi kulisikia likitajwa kwenye kikao cha ukoo. Mwaka 2012 watafiti wa Iceland walionyesha kwamba mabadiliko mapya ya aina hiyo mengi hutoka kwenye mbegu za baba, na kadiri umri wa baba unavyoongezeka mwaka mmoja, mtoto hupata kama mawili zaidi. Mengi hayana madhara yoyote. Siandiki hili ili lawama itoke kwa mama iende kwa mzee. Hakuna anayechagua mbegu. Naliandika kwa sababu kwenye vikao hivyo mwanamke anaulizwa alikula nini, alipita wapi, alimkosea nani, na mwanaume haulizwi hata swali moja. Sayansi haimpi mtu yeyote ruhusa ya kumfukuza mke kwa ajili ya usonji wa mtoto.

Nije kwenye utafiti ambao binafsi umenifungua macho kuliko mingine. Julai 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na Simons Foundation walichapisha kwenye jarida la Nature Genetics kazi waliyoifanya kwa watoto zaidi ya 5,000 wenye usonji. Badala ya kuchukua tabia moja moja, walimchukua kila mtoto na mambo yake yote pamoja, zaidi ya 200: alianza lini kutembea, kuongea, usingizi wake, hofu zake, anavyorudiarudia vitu. Kompyuta ikawagawa katika makundi manne. Asilimia 37 ni watoto waliotembea na kuongea kwa wakati kama wenzao, lakini wana shida za kuhusiana na watu, na mara nyingi wana wasiwasi mwingi au hawatulii. Asilimia 34 wana dalili hizo kwa kiasi chepesi. Asilimia 19 wamechelewa kutembea na kuongea, lakini hawana sana wasiwasi wala hasira. Asilimia 10 wana mzigo mzito pande zote.

Halafu walipotazama jeni, kila kundi likaonekana lina njia yake. Kundi lile lenye mzigo mzito ndilo lililokuwa na mabadiliko mapya mengi zaidi, yale ambayo wazazi hawana. Kwa kundi la kwanza, jeni zilizoguswa ni zile zinazofanya kazi zaidi baada ya mtoto kuzaliwa, na watoto wa kundi hilo ndio wanaochelewa kugunduliwa. Oktoba mwaka huohuo timu iliyoongozwa na watafiti wa Cambridge ikaandika kwenye Nature jambo linalokaribiana na hilo: wanaogunduliwa wakiwa wadogo na wanaogunduliwa wakiwa wakubwa wanatofautiana hata kwenye jeni.

Kwa mzazi maana yake ni kubwa. Mtu akikwambia mtoto wa jirani yake alipona kwa maziwa ya ngamia au kwa kuacha ngano, hata kama anasema kweli kuhusu alichokiona, mtoto huyo na wako huenda wana hali mbili tofauti zenye jina moja. Na anayekuuzia dawa moja ya usonji wote anakuuzia kitu ambacho hakiwezi kuwepo.

Hata hivyo, msikimbilie Kampala kuomba kipimo cha makundi manne. Hakipo. Usonji bado hautambuliwi kwa damu wala kwa picha ya kichwa. Unatambuliwa kwa mtaalamu kumtazama mtoto na kuwauliza wazazi. Tena wengi wa watoto hao 5,000 ni Wamarekani wenye asili ya Ulaya. Kuhusu jeni za watoto wa Afrika, kazi inafanyika karibu yetu, Kilifi kule Kenya, pamoja na Cape Town, kwenye mradi unaoitwa NeuroDev. Na hapa kwetu Profesa Angelina Kakooza-Mwesige wa Makerere na wenzake walichukua yale Maswali Kumi ya zamani ya kutambua ulemavu kwa watoto, ambayo usonji yalikuwa yanauruka, wakayaongeza yakawa 23, wakayajaribu kwa watoto 1,169 wa miaka 2 hadi 9. Kazi hiyo ilichapishwa 2014. Ningependa kuona kila mhudumu wa afya wa kijiji anatembea na maswali ya namna hiyo kwenye mkoba wake.

*

Naona maswali yameanza. Najibu kwa mkupuo.

"Mbona zamani hawakuwepo? Marekani wanasema sasa ni mmoja kwa kila 31."

Ni kweli, takwimu yao ya watoto wa miaka 8 kwa mwaka 2022 ni hiyo, na mwaka 2000 ilikuwa mmoja kwa 150. Lakini maana ya usonji imepanuliwa, na wanaotafuta wameongezeka. Denmark walipima jambo hili kwa watoto waliozaliwa kati ya 1980 na 1991, wakakuta asilimia 60 ya ongezeko inaelezwa na mabadiliko ya namna ya kugundua na kuandikisha. Kwa dunia nzima WHO inakadiria mtu mmoja kwa kila 127. Na tusidanganyane, zamani walikuwepo. Kila kijiji kilikuwa na "bubu" wake asiye kiziwi, na "mwehu" wake aliyejua kuhesabu kila ng'ombe wa kila boma.

"Na chanjo? Mtoto wangu aliacha kuongea baada ya surua."

Mama, ninakuelewa, kwa sababu chanjo ya surua inaangukia umri uleule ambao dalili huanza kuonekana na baadhi ya watoto hupoteza maneno waliyokuwa nayo. Mambo mawili yanakuja pamoja na moyo unayaunganisha. Denmark walifuatilia watoto 657,461. Waliochanjwa na wasiochanjwa, usonji hakuna tofauti. Habari yenyewe ilianza 1998 na makala ya daktari Andrew Wakefield ya watoto 12. Mwaka 2010 jarida la Lancet likaiondoa makala hiyo na yeye akafutwa kwenye daftari la madaktari Uingereza. Surua inaua watoto wetu. Mchanje na mdogo wake.

"Hiyo leucovorin waliyoitaja Marekani, Kampala inapatikana?"

Hii nataka niijibu kwa uangalifu. Leucovorin, dawa waliyoitaja siku ileile ya tangazo la Tylenol, ni aina ya foleti, yaani vitamini ya kundi B. Hospitalini inajulikana zaidi kwa wagonjwa wa saratani, kupunguza makali ya dawa nyingine. Ipo hali adimu ambapo foleti haifiki vizuri kwenye ubongo, na wenye hali hiyo husaidiwa nayo. Kwa watoto wenye usonji kumekuwa na majaribio machache madogo. Mojawapo lililotajwa sana lilikuwa na watoto 48 kwa wiki 12, na baadhi yao waliongeza maneno. Inatia moyo, lakini kwa watoto 48 huwezi kuuza shamba. Na dawa isinunuliwe kwa mtu wa Telegram. Ukitaka kuijaribu, iwe mkononi mwa daktari wa watoto anayemjua mtoto wako na atakayemfuatilia.

"Mume wangu anaogopa kuzaa tena. Wa pili naye atakuwa hivyo?"

Utafiti wa 2024 uliofuatilia wadogo wa watoto wenye usonji ulikuta karibu asilimia 20 nao wanakuwa na usonji. Wavulana ni kama 25, wasichana 13. Yaani wanne kwa watano hawawi nao. Uamuzi ni wenu wawili. Mkizaa, mtazameni mapema: akiitwa jina anageuka? anaonyesha kitu kwa kidole? anakutafuta kwa macho? Mkiwa na shaka, msingoje afike miaka mitatu kwa sababu bibi amesema wanaume wa ukoo huo huchelewa kuongea.

"Sawa mama, lakini sasa tufanye nini? Hela ya wataalamu hatuna."

Hili ndilo swali lililonifanya niandike. Kitu chenye ushahidi mzuri na kinachoweza kufika hadi kijijini ni kumfundisha mzazi. Uingereza walifanya jaribio linaloitwa PACT kwa watoto 152. Mzazi anapigwa video akicheza na mtoto wake, halafu anaitazama pamoja na mtaalamu waone ni wapi mtoto alijaribu kuwasiliana na mzazi hakuona. Miaka karibu sita baadaye watoto hao walikuwa bado na dalili nafuu kuliko wenzao. Njia hiyo ikapelekwa Goa, India, na Rawalpindi, Pakistan, ikafundishwa na watu wa kawaida wasio wataalamu, kwa watoto 65. Matokeo yalitoka 2016: wazazi walijifunza kumfuata mtoto, na watoto wakaanza zaidi wao wenyewe kuwasiliana na wazazi. Goa na Rawalpindi si London. Ikiwa wao waliweza kwa watu wa kawaida, wilaya zetu za Kumi na Bukedea tunaweza.

Niwaonyeshe inavyokuwa. Mwanangu alikuwa anapenda kuzungusha vizibo vya soda sakafuni, mchana kutwa. Zamani ungemnyang'anya ukampa kitabu, akapiga kelele mpaka majirani watoke. Nilivyofundishwa ni kukaa chini naye, kuchukua kizibo changu, kukizungusha pembeni ya chake na kunyamaza. Hukumbatii, huulizi "hii nini?" Unangoja. Kinaanguka, unasema neno moja: "Chini." Unangoja tena. Kuna siku alikichukua kizibo changu akakitia mkononi mwangu na kunitazama. Hapo ndipo unaposema "zungusha," na unazungusha papo hapo, ili aone kwamba kumtazama mtu kunaleta kitu. Neno lake la kwanza lililoeleweka lilikuwa hilo, "zungu," nusu yake. Leo anaomba maji, anaomba chapati, anasema "hapana" kwa nguvu zote, na hiyo "hapana" naipenda.

WHO nayo ina mafunzo ya walezi ya watoto wa miaka 2 hadi 9: vipindi tisa vya kikundi na kutembelewa nyumbani mara tatu. Kuna na toleo la mtandaoni lisilolipiwa. Wazazi watano wenye simu moja nzuri wanaweza kukaa chini ya mwembe Jumapili wakalipitia pamoja.

Kabla ya hayo yote mpimeni mtoto masikio. Kuna watoto wanaoitwa wana usonji kumbe hawasikii. Na kama anazubaa ghafla, anakakamaa au anaanguka, mpelekeni akapimwe kifafa, maana kwa watoto wenye usonji kifafa ni kingi kuliko kwa wengine, na dawa zake zipo na zinafanya kazi. Dawa za kifafa zisiachwe kwa sababu mtu ameahidi kumwombea. Ombeni, mimi pia naomba, na vidonge vinaendelea.

"Kuna mchungaji anagawa maji ya muujiza."

Kimbia. Mwaka 2019 magazeti ya nje yaliandika jinsi kitu kinachoitwa "maji ya miujiza" kilivyogawiwa kwa Waganda wengi kwamba kinatibu malaria na UKIMWI. Ni blichi ya viwandani. Kemikali hiyohiyo Marekani na Uingereza waliwahi kuwauzia wazazi wa watoto wenye usonji wawanyweshe. Inachoma koo na utumbo. Sijali aliyeileta ana jina gani kanisani.

"Shule imemkataa, wanasema anasumbua wenzake."

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inakataza ubaguzi kwenye elimu. Nendeni kwa mkuu wa shule na barua ya daktari, asiposikia nendeni kwa ofisa elimu wa wilaya, mkiwa wawili watatu. Mzazi mmoja anaambiwa arudi kesho. Lakini niseme ukweli wangu: mwalimu mwenye watoto tisini darasani naye anahitaji msaada, na kumtukana hakumletei msaidizi. Tulichofanya sisi ni kumpa mwalimu karatasi ya nusu ukurasa: akiziba masikio mtoe nje kidogo, usimshike ghafla kutoka nyuma, ukitaka akuelewe mwonyeshe kwa mkono na useme maneno mawili. Ameibandika kwenye kabati la darasa.

*

Aliye Arua na aliyeko Kasese wameuliza wapi pa kuanzia. Kampala kuna hospitali za Mulago na Butabika, na Kisubi kuna hospitali ya CoRSU kwa mambo ya viungo na urekebishaji. Nje ya huko mimi najua vya huku mashariki tu. Kwa hiyo naomba: mwenye kumjua mtu anayefanya kazi na watoto hawa, anayefundisha kuongea au kliniki ya wilaya yenye siku ya watoto, aandike hapa chini wilaya, siku ya kliniki, na lugha wanazozungumza na wazazi. Majina ya watoto na picha zao msiweke. Nitazikusanya kwa wilaya na kuziweka juu ya uzi huu ili asiyekuwa na muda wa kusoma yote azione kwanza.